Matundu Mawili Nyuma ya Sinki

Nyuma ya kila sinki la choo cha kukaa kuna matundu mawili, yametengana kwa umbali usiofika shubiri. Choo kikiwa kizima huyaoni. Bolti za kikalio hupita humo, na kikalio chenyewe hulala juu yake. Siku kikalio kinapovunjika na kuondolewa ndipo matundu yanapojitokeza, yamezungukwa na wekundu wa kutu uliochuruzika juu ya kauri nyeupe. Nimeyaona kwenye zahanati na katika ofisi za umma, kwenye gesti zilizo jirani na stendi, kwenye kumbi za harusi ambazo mbele yake zimevikwa taa na vitambaa vya satini. Sinki ni zima. Maji yanavutwa, vigae vinang'aa, mlango una komeo. Kilichokosekana ni kile tu ambacho ngozi ya mtu ilipaswa kukigusa, na kukosekana kwake kumezoeleka kiasi kwamba anayeingia hashangai. Hukusanya nguo yake, hujishikiza ukutani, hufanya awezavyo, hutoka.

Kutoshangaa huko ndiko kunakonisumbua. Mtu anapojenga hapa kwetu hutumia akili yake na muda wake kwa yale yatakayoonekana barabarani: rangi ya bati, urembo wa nguzo, geti. Akifika kwenye choo humwambia fundi, "Tafuta kizuri," akampa pesa, fundi akaenda dukani peke yake. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami ningethubutu kusogea hatua chache zaidi: ukishaingia, ipite sebule na makochi yake, nenda mpaka mlango wa mwisho wa korido, ufungue, ukae. Hapo utajua mwenye nyumba alikuwa akimfikiria nani alipojenga. Alijifikiria yeye peke yake, na miguu yake ya ujana? Au alimfikiria na mama yake atakayeletwa mjini kuuguzwa, na mkewe mimba itakapokuwa imemwelemea, na mgeni aliyevunjika nyonga, na yeye mwenyewe siku uzee utakapomkuta humo humo ndani?

Choo cha kukaa kama tukijuavyo kilizaliwa katika vita dhidi ya harufu. Mwaka 1775 fundi saa mmoja Mskoti aliyefanya kazi London, Alexander Cumming, alipata hataza ya bomba lililopindwa, ili maji kidogo yabaki daima kwenye pindo na kuizuia hewa chafu isirudi ndani. Pindo lile ndilo roho ya choo hadi leo. Kila mtu anayekaa juu ya sinki, awe Mwanza au Muscat, amekaa juu ya wazo la yule fundi saa. Miaka ya 1880 Thomas Twyford, mwenye kiwanda cha kauri huko Staffordshire, Uingereza, akauza sinki la kipande kimoja cha kauri, lililosimama lenyewe bila kuzungushiwa sanduku la mbao, hata likawezekana kuoshwa pande zote. Mwaka 1980 kampuni ya Caroma ya Australia, nchi iujuayo ukame, ikatoa tangi lenye vitufe viwili, kimoja cha maji machache na kingine cha maji mengi. Ukiyapanga mavumbuzi haya kwenye mstari utaona yote yanahusu kile kinachoondoka: kiondoke bila kunuka, bila kung'ang'ania, bila kumaliza maji. Anayebaki juu, mwenye mapaja na mgongo na magoti, hakuwa swali lililowakosesha usingizi.

Pwani yetu ilikuwa na njia yake, na njia hiyo haikuwa na kikalio. Katika magofu ya Gedi, mji uliohamwa kabisa katika karne ya 17 na ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, vyumba vya choo bado vinaonekana ndani ya nyumba za mawe ya matumbawe, kila kimoja na tundu lake lililochongwa kwa uangalifu. Katika nyumba kongwe za Lamu choo kilikuwa na birika la maji, na ndani ya birika walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa ya birika lilipachikwa bakuli la kauri lililotoka ng'ambo ya bahari. Nikilifikiria bakuli lile napata heshima kubwa kwa waliojenga. Kauri ya Mashariki ya Mbali iliingia chooni kwetu kabla ya kuwepo kiwanda chochote cha masinki, na iliingia kwa sababu watu wale waliona chumba kile kinastahili kitu kizuri. Mtu alichuchumaa, akajisafisha kwa maji, akatoka akiwa twahara. Goti lililoanza kuchuchumaa utotoni liliendelea kuchuchumaa uzeeni, na lilipochoka walikuwapo watu ndani ya nyumba wa kumshika mkono.

Kwa hiyo simlaumu aliyekulia kuchuchumaa. Choo cha kuchuchumaa ni choo kamili, na mwili unakipenda: mtu akiwa amekunja mapaja hadi kifuani, njia ya haja kubwa hunyooka na kazi huwa nyepesi. Kwenye stendi, shuleni na sokoni, mahali ambapo watu wengi wasiojuana hupita kwa siku moja, choo cha kuchuchumaa kilichojengwa vizuri, chenye mteremko unaokausha sakafu na bomba la chuma ukutani la kushikilia, kinakishinda choo cha kukaa kilichovuliwa kikalio. Cha kwanza kimeahidi kidogo na kimetimiza. Cha pili kimebaki katikati: kiko juu mno kwa anayechuchumaa, na kwa anayekaa ni baridi, chembamba na chenye unyevu usiojulikana umetoka wapi. Ningependa kila jengo la umma liwe na vyote viwili, kila kimoja kikiwa kizima.

Kikalio hufa kwa njia inayojulikana. Mtu anaingia, anakuta matone juu yake. Huenda ni maji safi ya mpira wa kujisafishia, huenda si maji. Hana njia ya kujua, na mwili wake unakataa. Anapanda juu kwa viatu na kuchuchumaa pale. Kikalio kimetengenezwa kubeba mapaja yaliyotandaa. Sasa kinabeba nyayo mbili, uzito wote umekusanyika mahali pawili, na kila anapoyumba bawaba zinavutwa kando. Baada ya wiki kadhaa bolti moja inalegea. Kikalio kinaanza kuteleza, kinambana mtu paja, kinazidi kuogopwa, na wanaopanda juu wanaongezeka. Siku moja kinapasuka. Mfanya usafi anakiegemeza ukutani, kinakaa hapo mpaka mtu anakitupa, na kuanzia hapo kila anayeingia anajishikiza hewani na sakafu inazidi kulowa. Hakuna mtu mwovu katika mlolongo huu. Kila mmoja amejikinga na uchafu wa aliyemtangulia, na kwa kujikinga amemwachia uchafu anayemfuata. Nauona mlolongo huu mahali pengi mbali na choo, katika foleni, katika barabara, katika namna tunavyotupa taka, lakini hakuna mahali unapojionyesha waziwazi kuliko pale.

Anayelipa gharama ni yule asiyeweza kujishikiza hewani. Mama yangu mdogo ana magoti yaliyokwisha. Anaposafiri kwa basi kutoka Tanga kuja Dar es Salaam, huacha kunywa maji tangu jioni ya siku iliyotangulia. Hasemi kwa nini. Anashusha kikombe tu, "Nimetosheka, mwanangu," na safari nzima ya joto lile anakaa na midomo mikavu. Daktari amemwambia anywe maji mengi kwa ajili ya figo zake. Naye ameshapiga hesabu ambayo daktari hakuipiga: maji yanayoingia yatataka kutoka, na huko njiani hakuna mahali pa yeye kukaa. Wanawake wengi wa rika lake hupiga hesabu hiyo hiyo. Wapo wajawazito, wapo waliokatwa mguu kwa sababu ya kisukari, wapo waliopata kiharusi wakabaki na upande mmoja wenye nguvu. Kwao kipande kile cha plastiki ndicho kinachoamua kama wataweza kwenda msibani, kama wataweza kushinda mahakamani wakifuatilia mirathi, kama wataweza kukaa sherehe ya mjukuu mpaka keki ikatwe.

Ndiyo maana naona kuchagua choo ni jambo la kufanywa taratibu na mwenye nyumba mwenyewe, tena kabla zege halijamwagwa. Kwanza hutazamwa mwelekeo. Mwislamu anapojisaidia haelekei kibla wala hakipi mgongo. Makka na mwambao wetu viko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 hadi 40 Mashariki, kwa hiyo kwa mtu wa Kilwa, Dar es Salaam, Unguja au Mombasa kibla ni kaskazini, na sinki litazame mashariki au magharibi. Fundi mwenye adabu huuliza hilo kabla hajachora sakafu. Kisha huja mahali pa bomba: kama uchafu utatokea ukutani au utashuka sakafuni, na kama utashuka, ni umbali gani kutoka ukuta uliokwisha pigwa plasta na vigae hadi katikati ya tundu. Sentimita 30 ni kipimo cha kawaida, lakini yako masinki ya pungufu na ya zaidi, na sinki lisilooana na bomba lake litavuja maisha yake yote, hata lingekuwa zuri namna gani.

Kimo nacho ni swali la umri. Masinki mengi, kauri tupu, yana sentimita 38 hadi 40 kutoka sakafuni. Yapo marefu zaidi ambayo kikalio kikiwa juu yake hufika sentimita 43 hadi 48, kimo cha kiti cha kawaida, na mwenye magoti mabovu hunyanyuka hapo bila kuomba msaada. Kwa mtoto na kwa mtu mfupi yale marefu si mema. Miguu huning'inia na tumbo hukosa nguvu ya kusukuma, na kijibao cha kuwekea nyayo kinatosha kulirekebisha hilo. Nyumba yenye vyoo viwili ingefaa iwe na kimo cha namna mbili. Maji nayo yafikiriwe kwa ukweli wa mtaa wenyewe. Mahali ambapo maji ya bomba hukatika, sinki la kutumainiwa ni lile linaloondoa uchafu kwa ndoo moja iliyomiminwa kwa mkupuo, tangi likiwa kavu. Na kabla ya kulipa, lipige sinki kwa kifundo cha kidole. Kauri isiyo na ufa hulia kwa sauti safi inayodumu kidogo. Yenye ufa hutoa mlio mfu. Ingiza vidole ndani ya njia ya kutokea uone kama gilezi imepakwa mpaka kule kusikoonekana, maana huko ndiko uchafu hujifunza kung'ang'ania.

Nikipita Gerezani na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, mbele ya maduka ambayo masinki yake yamepangwa mpaka juu ya lami, nayakumbuka maneno ya wachuuzi wake, "Karibu mama, hii orijino, hii haichakai," na nawaza udongo. Masinki yale yametengenezwa kwa udongo mweupe wa kaolini uliochanganywa na mawe mengine yaliyosagwa, yakachomwa kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi mpaka udongo ukawa karibu na kioo. Mengi yametoka China na India, yamevuka bahari ile ile liliyoivuka bakuli la birika la Lamu. Na pale Pugu, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo, vilima vimejaa kaolini inayojulikana tangu enzi za Wajerumani. Nasema hivi kwa uchungu wa mtu anayeipenda nchi yake. Kutengeneza kitu kinachodumu kunataka udongo, moto na uvumilivu, na udongo tunao.

Lakini kauri, kwa ubora wake wote, itakaa miaka hamsini ikitunzwa. Kikalio hakitakaa hivyo, wala hakikuumbwa kikae hivyo. Jembe huishi kuliko mpini wake. Mkulima huvunja mpini, akachonga mwingine, akaendelea kulima kwa bapa lile lile alilorithi. Haoni ajabu mpini kuvunjika. Ajabu kwake ingekuwa jembe ambalo tundu lake halipokei mpini wowote isipokuwa ule wa duka moja la mbali. Hapa ndipo wengi wanaponaswa na masinki ya kisasa yenye maumbo ya kushangaza, ya pembe nne, ya kona kali, yenye mbavu zilizobinuka. Yanapendeza dukani. Baada ya miaka mitano kikalio kinavunjika, mwenye nyumba anazunguka Kariakoo nzima na kipande mkononi, na kila muuzaji anatikisa kichwa, kwa kuwa umbo lile halijaletwa tena. Nalipenda sinki la umbo la yai, la kawaida, ambalo matundu yake mawili yametengana sentimita 14 hadi 15 na nusu, vipimo ambavyo vikalio vingi hukubali. Ukawaida huo ni wema aliotendewa mtu atakayekitengeneza choo hicho baadaye, ambaye pengine hajazaliwa.

Na anayekwenda kununua kikalio kipya aende na vipimo: kutoka tundu hadi tundu, katikati kwa katikati, kutoka mstari wa matundu hadi ncha ya mbele, na upana wa sinki pale linapotanuka zaidi. Bora zaidi akate boksi kwa umbo lenyewe alibebe kwapani. Kisha avitazame vikalio kwa kuvigusa. Kuna vya mbao ya unga ulioshindiliwa na kupakwa rangi, vizito, vyenye joto la kupendeza. Vinafaa nchi za watu watumiao karatasi, lakini kwetu sisi tunaotumia maji, rangi ikichubuka mahali padogo tu maji huingia, unga ukavimba na kikalio kikachanua. Kuna vya polipropilini, plastiki nyepesi inayopindika. Ikiwa nyembamba huyumba chini ya mtu na kumbana ngozi. Ikiwa nene, yenye mbavu nyingi upande wa chini, huvumilia mateso mengi na haipasuki kirahisi, ingawa huchubuka. Na kuna vya plastiki ngumu itokanayo na yurea, iliyoumbwa kwa joto na mkandamizo mpaka haiwezi kuyeyuka tena. Hivyo ni vizito mkononi, vinang'aa, havichubuki, rangi yake haichujuki upesi, lakini vikiangushwa kwa nguvu huvunjika. Kwa nyumbani ningechagua hivi vya mwisho. Kwa mahali pa umma ningechagua polipropilini nene, yenye mdomo wa mbele ulioachwa wazi, isiyo na mfuniko, maana mfuniko ni bawaba nyingine ya kuvunjika.

Bawaba ndizo zenye hukumu. Fundi bomba mmoja mzee, ambaye hatuanzi mazungumzo kabla sijampa shikamoo yake, aliniambia akiwa amelala ubavu sakafuni na spana mkononi: "Siti haiuawi na uzito, mwanangu. Inauawa na kucheza." Akanionyesha. Kikalio kilicholegea nusu tu ya mzunguko wa nati huteleza kila mtu anapokaa, na kila kinapoteleza bolti hukatwa kidogo kwa pembeni, mpaka siku moja inasalimu amri. Kikikazwa mapema, raba zikiwa mahali pake, hakuna kinachokatwa. Lakini kisikazwe kwa hasira pia, kwa sababu nati ya chuma juu ya kauri kavu hupasua sinki lenyewe, na ndiyo sababu washa za raba zimewekwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na yule mzee anapopita kwenye nyumba za wateja wake hukaza bolti hata kama ameitwa kwa ajili ya koki ya jikoni, wala halipishi.

Pwani ina adui wa ziada. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam na vya Unguja yana chumvi, na hewa yenyewe ina chumvi. Bawaba za chuma cha kawaida kilichopakwa kromi hung'aa miezi michache, kisha kromi inafura, kutu inatoka, na bolti inashikana na nati yake hata haifunguki ila kwa msumeno. Anayenunua abebe sumaku ndogo: ikinasa kwa nguvu kwenye bawaba inayoitwa stenlesi, basi huenda ni chuma cha kawaida kilichovikwa. Hata stenlesi ya kweli ina madaraja yake, na ile ya 316 huvumilia chumvi kuliko ya 304. Bolti za nailoni hazishiki kutu kamwe, nazo zikiwa nene zinatosha kwa nyumbani. Halafu kuna asidi. Wengi huamini choo hakijaoshwa mpaka kimechoma pua, wakamwaga asidi kuanzia kikalio hadi sakafu, nayo hula kromi, ikafifisha plastiki, ikaingia kwenye bawaba na kubaki humo. Sabuni, maji na kitambaa kikavu baada ya kuosha vinakitosha kikalio. Rahisi ghali, walisema, na hapa urahisi unakuja kwa namna mbili, bei ya kununulia na pupa ya kusafishia.

Nchi yetu imekwisha kuonyesha inaweza kulijali jambo hili kwa moyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu kwenye vikundi vya kusikiliza redio, kijiji kwa kijiji, na waliposikia walinyanyuka wakachimba vyoo. Kizazi cha baadaye kikaletewa Nyumba ni Choo, nayo ikaimbwa na kutangazwa mpaka watoto wakaijua. Naziheshimu kampeni hizi bila masharti, kwa kuwa kuhara kumeua watoto wetu wengi, na shimo lililofunikwa limeokoa wengi. Lakini kuchimba na kujenga kuna siku yake: kuna utepe, kuna mgeni rasmi, kuna picha. Kubadilisha kikalio hakuna siku. Hakuna kiongozi atakayeitwa kuja kushuhudia bolti mbili zikikazwa. Nadhani ndiyo maana jengo la umma huzaliwa zima na kuvuliwa kidogo kidogo, kikalio kwanza, kisha kishikio cha tangi, kisha kitasa, kisha balbu, mpaka linabaki kauri na zege, vile visivyoweza kuvunjika kwa mkono. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi lazima awe na koleo jingine karibu, au mtu wa kumtuma alilete.

Yupo anayejua haya yote kabla ya mkurugenzi, kabla ya mhandisi, kabla ya kamati. Siri ya mtungi aijuaye kata. Ni yule dada au kaka anayesafisha, anayeingia na ndoo alfajiri kabla ofisi hazijafunguliwa. Yeye ndiye wa kwanza kukigusa kikalio kila siku. Anajua ni kipi kimeanza kuteleza, ni kipi watu wanakipanda, ni tangi gani linavuja usiku kucha. Mara nyingi hana hata bisibisi. Hana fungu la pesa, na akisema huambiwa aandike, na akiandika barua huzunguka meza kwa meza mpaka kikalio kimekwisha kuvunjika. Mtu analipwa kufuta uchafu lakini hakupewa uwezo wa kuzuia chanzo chake. Sijui dhuluma ndogo inayozaa usumbufu mkubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo, kama ningeketi kwenye kamati ya ujenzi wa zahanati, shule au ukumbi, ningeomba mstari mmoja tu wa bajeti uongezwe chini ya ule wa masinki. Masinki yote yawe ya umbo moja, la kawaida, ili kikalio kimoja kikubali popote. Kwa kila masinki matatu kinunuliwe kikalio kimoja cha akiba, kinene, pamoja na bolti za nailoni na raba zake. Choo kimoja kiwe kirefu, chenye vyuma vya kushikilia pande zote mbili, na choo kimoja cha kuchuchumaa kiwe kando yake. Vikalio vya akiba, spana na bisibisi vikae kwenye kabati la stoo, na ufunguo wa kabati hilo akabidhiwe mfanya usafi, kwa maandishi, akiwa na ruhusa ya kubadilisha kilichovunjika siku ile ile bila kumwomba mtu sahihi.